Nyumba Njema Si Mlango: Kuitengeneza Upya Kabini ya Kamioneti ya Zamani

Nchini Marekani wako watu wengi ambao furaha yao si kununua gari jipya, bali kulirudisha barabarani gari la baba au la babu lililokaa miaka mingi ghalani likiliwa na kutu. Kati ya magari wanayoyapenda zaidi ni yale madogo ya mizigo, ambayo sisi wa Kongo tunayaita kamioneti: mbele chumba cha dereva, yaani kabini, na nyuma mahali pa kupakia mizigo. Mtu akilipata gari la namna hiyo, jambo la kwanza linalomwudhi ni kiti. Ngozi yake imechanika, pamba ya ndani imetoka, springi zamchoma mgongoni. Basi anaagiza ngozi mpya ya kiti, anaagiza na zulia, anaagiza na mikono ya kupandishia vioo ing'aayo kama fedha. Baada ya majuma mawili gari lapendeza machoni. Baada ya mvua za kwanza zulia limelowa, lanuka uvundo, na chini yake bati laendelea kuoza kimya kimya.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Kazi ya kubadili vyombo vya ndani ya kabini yapasa ianze na visivyoonekana na iishie na vinavyoonekana. Katika gari la zamani utaratibu huo hauokoi fedha tu. Waokoa na maisha ya watu, kama msomaji atakavyojionea hivi punde.

Ili tusiseme kwa mafumbo, tuchukue gari moja lijulikanalo: kamioneti ya Chevrolet iliyotengenezwa tangu katikati ya mwaka wa 1947 hadi mwanzo wa mwaka wa 1955. Kampuni ya General Motors iliziita kamioneti hizo Advance-Design, nazo ndizo za kwanza kuchorwa upya kabisa na kampuni hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili. Kabini yake ilikuwa pana, watu watatu wakaweza kukaa bega kwa bega, na usukani uko kushoto kama katika magari yetu ya Kongo. Kampuni ilijisifu hasa kwa habari ya hewa. Matundu yalifunguliwa mbele ya kioo na ubavuni karibu na miguu ya dereva, hata matangazo yakasema kwamba kabini hiyo yapumua. Matundu hayohayo tutayakuta tena mbele, maana penye kupita hewa hupita na maji.

Kwa macho ya mbali magari ya miaka yote hiyo yafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini kwa fundi hayafanani. Tangu mwaka wa 1949 tangi la petroli liliwekwa ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Mwaka wa 1951 milango ikaongezwa vioo vidogo vya pembe tatu vya kuingizia upepo. Mwaka wa 1952 vitasa vya nje vikawa vya kubonyeza. Mwaka wa 1954 kioo cha mbele, ambacho hapo kwanza kilikuwa vipande viwili vilivyonyooka, kikawa kimoja kilichopindwa. Dashibodi na usukani navyo vikabadilika. Kwa hiyo mwenye gari la 1950 akiagiza dashibodi ya 1954 amepoteza fedha zake. Kabla ya kuandika barua ya kuagiza kipuri chochote na atazame kibao cha namba kilichopigiliwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, penye bawaba. Tena kibao hicho asikibandue kamwe, hata kwa kupaka rangi: gari lisilo na kibao chake ni kama mtu asiye na cheti cha ubatizo wala cha kuzaliwa, na sheria ya Marekani yakataza kuiondoa namba ya gari.

Kuna tena habari ya kromi. Vita vya Korea, tangu 1950 hadi 1953, vilileta upungufu wa nikeli na metali nyingine, na vipande kadha wa kadha vilivyokuwa vikitiwa kromi vikapakwa rangi tu. Leo waonekana watu wanaolijaza gari la 1952 mapambo ya kung'aa, wakisema kwamba wamelirudisha katika hali yake ya kwanza. La, hawakulirudisha, wamelitengenezea ujana ambao halikuwa nao. Si dhambi, lakini wasiliite jina lisilo lake.

Sasa tuingie kazini. Gari lililolala ghalani miaka 20 au 30 halikulala peke yake; panya walikaa humo. Huitafuna pamba ya kiti, hujenga viota ndani ya kisanduku cha dashibodi, hukojoa katika kila pembe. Mtu mvivu wa kufikiri huchukua ufagio akaanza kufagia. Huo ni mchezo wa hatari. Mwaka wa 1993, pale yanapokutana majimbo ya Arizona, New Mexico, Colorado na Utah, ulitambuliwa ugonjwa wa mapafu uletwao na virusi viitwavyo hanta. Mtu huupata kwa kuvuta vumbi la kinyesi na mkojo wa panya wa mwituni, na zaidi ya mgonjwa mmoja katika watatu wanaoshikwa mapafu hufa. Kwa hiyo milango ifunguliwe kwanza, upepo upite. Kisha viota vinyunyiziwe dawa ya klorini, ile tunayoiita javeli, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, viachwe vilowe dakika tano au zaidi, ndipo viokotwe kwa mikono iliyovaa glavu. Havifagiliwi vikiwa vikavu.

Hapo ndipo kuvunjavunja kunaanza: kiti, mkeka wa mpira, dari ya karatasi ngumu, kisanduku, vitasa, vioo. Fundi mwenye akili huwa na mikebe mingi na kalamu. Kila skrubu huingia katika mkebe wenye jina la mahali ilipotoka. Na kipande cha zamani hata kikiwa kimeoza hakitupwi mpaka kipya kimekwisha kuingia mahali pake na kukaa sawa. Vipuri vipya vya magari haya hutengenezwa leo na viwanda vidogo vidogo, wala havikutoka katika kalibu za mwaka wa 1947. Vingine ni vizuri sana. Vingine matundu yake hayakutani na matundu ya gari, na pembe zake zimezidi au zimepungua. Ukilitupa lile bovu, utapimia nini? Basi kila kipande kijaribiwe mahali pake kabla ya kupakwa rangi, si baada yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kamioneti hii vya mvunguni ni vitatu. Chini ya sakafu, miguuni pa abiria, imefichwa betri. Chini ya sakafu, miguuni pa dereva, iko pampu ya breki, nayo hujazwa mafuta kupitia tundu lenye kifuniko. Na nyuma ya mgongo wa kiti, katika magari ya tangu 1949, limesimama tangi la petroli. Ndiyo, msomaji mpenzi, umesoma vema: watu watatu walikaa wameliegemea tangi la petroli, kati yao na mafuta pakiwapo kiti na bati tu. Desturi hiyo iliendelea katika kamioneti za Chevrolet mpaka za mwaka wa 1972.

Hatupaswi kuwacheka watu wa zamani. Tangi lililokaa ndani ya kabini halikupigwa na mawe ya barabara mbovu, tena petroli ilishuka yenyewe bila kupanda mlima. Lakini miaka 70 imepita. Mipira ya shingo ya kujazia, ile ipitayo katika ukuta wa kabini upande wa abiria, imekauka na kupasuka. Mshono wa tangi umeliwa na kutu. Kile kifaa kipimacho mafuta kimefungwa juu ya tangi kwa gasketi iliyokuwa laini zamani, leo ni ngumu kama ganda la karanga. Petroli yenyewe haimwagiki sana. Ni mvuke wake unaotoka, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu ukatoka dirishani. Hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, ukajikusanya sakafuni, miguuni pa watu, mahali palepale fundi atakapokuja kuchomelea bati jipya.

Hapa twawaomba wanafunzi wetu wasome polepole. Wengi hudhani kwamba tangi likimwagwa mafuta hatari imekwisha. Kumbe tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Petroli ikiwa maji haipasuki. Kinachopasuka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na hiyo hutokea mvuke ukiwa kati ya sehemu 1.4 hivi na sehemu 7.6 katika kila sehemu 100. Katika tangi lililojaa hewa ni haba. Katika tangi lililomwagwa jana hewa imeingia, matone yaliyobaki ukutani yatoa mvuke, hata katika baridi kali iliyo chini ya barafu, na mchanganyiko uko tayari. Unangoja cheche moja tu: ya mashine ya kuchomelea, ya jiwe la kunolea, au ya waya wa betri uliogusa bati.

Kwa sababu hiyo utaratibu haugeuzwi. Kwanza waya wa betri ufunguliwe. Gari litolewe nje ya banda. Petroli inyonywe na kutiwa katika madebe ya chuma yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mgongo wa kiti utolewe, bomba na waya wa kipimo vifunguliwe, mikanda ya tangi ilegezwe, na tangi lenyewe litoke lipelekwe mbali. Wala lisichomelewe nyumbani na mtu yeyote. Lenye tundu lipewe fundi wa matangi au linunuliwe jipya.

Je, lirudishwe mahali pake? Watu hubishana sana juu ya jambo hili. Wapenda historia husema kwamba gari bila tangi lake nyuma ya kiti si gari lile. Wengine hulihamishia nyuma, chini ya mahali pa mizigo, kati ya vyuma viwili vikuu vya fremu. Kwa maoni yangu, gari la kuonyeshwa na kusimama katika jumba la makumbusho na libaki lilivyo, lakini lenye mipira mipya kabisa. Lile litakalowabeba mke na watoto barabarani, tangi lihame. Historia haitapungukiwa na kitu kama fundi ataandika katika daftari alichobadili.

Baada ya tangi ni maji. Hapa ndipo wengi hulipa mara mbili. Hukata bati bovu, huchomelea zima, hupaka rangi, na mwaka wa tatu kutu imerudi palepale, kwa sababu waliondoa ugonjwa wasiondoe mlango wake. Kabla ya kukata kitu chochote mtu mmoja akae ndani ya kabini tupu ameshika taa na chaki, na mwenzake asimame nje na mpira wa maji. Maji yaanze chini, kwenye milango, yakapande taratibu hata kioo na paa. Yakianza juu yatateremka kila mahali na hakuna atakayejua yalipoingilia. Penye tone pawekwe chaki. Mara nyingi chaki itaandika mahali palepale: mpira wa tundu la hewa mbele ya kioo, mpira wa kioo chenyewe, na sehemu ya chini ya milango. Mlango hasa wasingiziwa bure. Maji kuingia ndani ya mlango ni jambo la kawaida, kwa kuwa hupita kando ya kioo. Matundu madogo chini yake ndiyo yaliyowekwa yatoke. Matundu hayo yakizibwa na matope na majani, mlango unakuwa mtungi.

Kisha sakafu. Fundi achukue bisibisi agongegonge na kusukuma: kwenye pembe za kabini nyuma ya milango, kwenye vizingiti, mahali kabini inaposhikana na fremu, na zaidi sana upande wa betri, maana asidi yake imelamba bati miaka mingi. Bisibisi likipenya, hapo hapana bati, pana rangi tu. Kipande hicho kikatwe mpaka chuma kisafi, na kingine cha unene uleule kichomelewe. Wako wanaopiga kiraka juu ya kutu kwa ribiti na kukipaka lami. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini na mwenye kuuziba ufa kwa tope atajenga vilevile. Tena vizingiti visikatwe kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia vinavyopita katika uwazi wa mlango, nguzo hata nguzo. Bila hivyo kabini hujipinda kidogo, kiasi cha unene wa kidole, na baada ya kazi ya majuma mengi mlango haufungi.

Neno moja juu ya rangi ya zamani. Rangi za magari za miaka ile zilikuwa na risasi ndani yake. Kuipiga msasa ikiwa kavu ni kuivuta mapafuni, na vumbi lake likirudi nyumbani katika nguo za baba huwafikia watoto, ambao huumizwa nalo ubongo kuliko watu wazima. Msasa wa maji, barakoa nzuri, na nguo za kazi zibaki kazini.

Bati likiwa zima na limepakwa rangi ya kwanza juu na chini, tufike kwenye nyaya. Nyaya za gari hili zilivishwa mpira, na juu ya mpira kitambaa kilichofumwa. Kwa nje kitambaa chaweza kuonekana kizuri bado. Upinde waya mmoja nyuma ya dashibodi: utasikia ukalia kama kijiti kikavu, na mpira utamwagika kama unga. Chuma kitupu kimekaa karibu na chuma kitupu, na magari yale yalikuwa na fyuzi chache mno. Wajua sasa kwa nini tunasema dashibodi isifungwe mapambo kabla nyaya hazijabadilishwa zote.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Umeme wa gari hili ni wa volti 6, si 12 kama wa magari ya sasa, na upande wa hasi ndio ulioshikamanishwa na bati. Nguvu ya taa, kwa wati, ni volti kuzidisha kwa ampea. Taa ya wati 36 kwa volti 12 yahitaji ampea 3. Kwa volti 6 taa ileile yahitaji ampea 6. Ampea zimekuwa mara mbili. Lakini joto linalotokea ndani ya waya hukua kwa mraba wa ampea, basi waya uleule utapata joto mara nne. Ndiyo sababu nyaya za volti 6 ni nene. Mtu anayefunga nyaya nyembamba za gari la kisasa na kuacha betri ya volti 6 amejiwekea jiko nyuma ya dashibodi. Wengi siku hizi hugeuza gari lote liwe la volti 12. Hiyo yafaa, mradi wakumbuke kwamba balbu zote, koili ya kuwashia, mota ya kipasha joto na vipimo vya umeme navyo vinahitaji kubadilishwa au kupunguziwa umeme.

Juu ya dashibodi iko miduara miwili mikubwa. Mmoja waonyesha mwendo, mwingine umekusanya vipimo vinne: petroli, umeme, mgandamizo wa mafuta ya injini, na joto la maji. Viwili kati ya hivyo havina umeme kabisa, na hapo mafundi wa leo huvunja kitu kwa kutojua. Kipimo cha mafuta ya injini kimeungwa kwa bomba jembamba ambalo mafuta yenyewe hupita ndani yake mpaka dashibodini. Kiungo kikilegea, mafuta ya moto yatachuruzika juu ya zulia jipya na juu ya viatu vya dereva. Kipimo cha joto nacho kina mrija wa shaba mwembamba kama unyasi, utokao kwenye injini, ukapita katika tundu la ukuta wa mbele, ukaingia dashibodini, na ndani yake kwa kawaida mna etha. Mrija huo haukatwi wala haupindwi kwa nguvu. Etha ikitoka, kipimo kimekufa. Mafundi stadi huweza kukifufua kwa kukiunganishia mrija wa kipimo kingine, huku kijigudulia chenye etha kimezamishwa katika barafu yenye chumvi, kwa kuwa etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Lakini ni rahisi zaidi kutoa dashibodi na injini ikiwa mrija mzima umefunguliwa kwa subira.

Kipimo cha petroli kina mchezo wake. Kifaa cha ndani ya tangi hubadili ukinzani wa umeme, sifuri tangi likiwa tupu, omu 30 likijaa. Kifaa hicho kinahitaji kushikana na bati la gari. Sasa fundi amepaka rangi mpya nzuri kila mahali, na rangi hairuhusu umeme kupita. Kipimo hakioni mwisho wa njia, nacho husema: tangi limejaa! Dereva hushangilia gari lisilokula mafuta, mpaka lizimike njiani. Dawa yake ni kukwangua rangi kidogo chini ya bolti moja, au kuvuta waya mmoja hadi kwenye fremu.

Vioo havitatuchelewesha. Mwenye gari la kabla ya 1954 ana bahati: kioo chake cha mbele ni vipande viwili vilivyonyooka, na mkata vioo yeyote mwenye kioo cha tabaka mbili chenye utando kati yake aweza kuvikata kwa kufuata karatasi ya kipimo. Cha 1954 kimepindwa, lazima kinunuliwe kimekwisha kutengenezwa. Kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba kisitumiwe kamwe. Kikivunjika hugeuka visu.

Ndipo sasa, mwishoni, kiti. Kazi yake si ngumu. Ngozi ya zamani imeshikwa kwenye fremu kwa vipete vya waya vinavyobanwa kwa koleo maalum. Vikiisha kukatwa, pamba na gunia la chini hutoka. Springi hupigwa brashi, zilizovunjika hufungwa au kubadilishwa, na juu yake hutandikwa gunia jipya au kitambaa kigumu ili zisikate sponji. Ngozi mpya ya vinili huwekwa juani kwanza ilainike, kisha watu wawili huivuta kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikivutwa kuanzia pembeni hufanya makunyanzi ambayo hayataondoka tena.

Lakini kiti hakiingii kabla ya mikanda ya usalama kufikiriwa. Kamioneti hizi ziliuzwa bila mikanda. Mkanda ule wa kupita kiunoni na kifuani ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo ya Uswidi, mwaka wa 1959, na Marekani ililazimisha mikanda katika motokari mpya za abiria tangu mwaka wa 1968. Nguzo ya usukani nayo ni chuma kimoja kigumu, kimenyooka toka mbele ya gari mpaka kifuani pa dereva. General Motors ilianza kutia nguzo zinazojikunja zenyewe katika motokari zake za mwaka wa 1967. Basi mwenye kulitumia gari hili barabarani hana budi kuweka mikanda. Nayo haifungwi kwenye kiti wala kwenye bati tupu, maana bati hupasuka kama karatasi. Chini ya sakafu huwekwa vipande vya chuma kinene, vipana kuliko kiganja, na bolti ngumu za inchi 7/16 zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hupita katika bati na chuma pamoja. Hapo mwaona kwa nini sakafu iliyooza ilipaswa kwenda kwanza. Mkanda ulioshikwa na kutu haumshiki mtu.

Zulia au mkeka hutandikwa kabla ya kiti. Wengi hupenda zulia nene la pamba, lenye sponji chini yake, ili kabini iwe kimya. Mkeka wa mpira wa asili ni bora, kwani haunywi maji. Lakini anayependa zulia na alikate kwa uangalifu miguuni pa dereva. Katika gari hili kuna vitu vya mguu visivyopatikana katika magari ya leo: kushoto kiko kitufe cha kugeuza taa kubwa, na kulia, karibu na kanyagio la mafuta, liko kanyagio dogo la kuwashia injini. Zulia nene likisukumana na kanyagio la mafuta huweza kulizuia lisirudi juu. Kwa hiyo, injini ikiwa bado imezimwa, fundi akae kitini, akanyage kila kanyagio mpaka mwisho na kuliachia, mara kumi, mara ishirini, akitazama kama larudi lenyewe. Linalosita, zulia lake hukatwa tena.